Jirani Akipindua Serikali, Tufunge Mpaka au Tukae Naye Mezani?

Swali: Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na sehemu ya mzigo wangu huvuka hadi Burundi na Kongo. Wazee wa sokoni bado wanabishana kuhusu vikwazo dhidi ya Burundi vya 1996. Wapo wanaosema vilileta amani, wapo wanaosema vilitajirisha walanguzi wa mafuta tu. Siku hizi jeshi likipindua serikali popote, au mtawala akikataa kuondoka, watu wanadai nchi hiyo ifungiwe. Je, vikwazo humwangusha mtawala wa mabavu? Au ni bora kuzungumza naye? Na sisi wafanyabiashara wadogo tufanye nini vikitangazwa?

Jibu:

Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu, na la kwanza ndilo jepesi. Vikwazo peke yake ni nadra kumwangusha mtawala wa mabavu. Marekani iliifungia Cuba biashara mwaka 1962 na chama kile kile bado kinatawala Havana. Mtawala wa namna hiyo hahesabu kura, anahesabu askari watiifu, na chakula kikipungua nchini yeye ndiye wa mwisho kulala njaa. Wanachoweza kupata wanaoweka vikwazo ni kumfanya aone kuwa kuzungumza kuna nafuu kuliko kunyamaza. Hata hilo linatokea pale tu anayeumia anapokuwa ndiye mwenye uwezo wa kutimiza sharti.

Kwa hili watu wa Mwanza wana mfano wa nyumbani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Haikuwa siasa, ilikuwa afya ya mlaji, lakini angalia jinsi zuio lile lilivyoundwa. Sharti lilipimika: kuwe na mamlaka ya serikali inayokagua kweli, samaki wapimwe mabaki ya sumu, viwanda na mialo visimamiwe. Walioumia sana kifedha walikuwa wenye viwanda vya minofu na hazina ya serikali, na hao hao ndio waliokuwa na fedha na kalamu ya kurekebisha. Aliyefunga na wa kufungua alikuwa mmoja. Mwanzoni mwa 2000 sangara wa Tanzania akaruhusiwa tena. Mvuvi wa Ukerewe aliumia, bei mwaloni ilianguka, lakini maumivu yalikuwa na mwisho unaoonekana. Sasa fikiria Ulaya ingesema tu, "Hatununui mpaka mjirekebishe." Nani angejua aanzie wapi?

Tuje Burundi, maana hapo ndipo ubishi wa wazee wako ulipo, na pande zote mbili zina haki kiasi.

Mgogoro ule ulipita hapa hapa Mwanza. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, aliuawa na wanajeshi Oktoba mwaka huo huo, na vita vikafuata. Aprili na Juni 1996 Mwalimu Nyerere aliwaleta wajumbe wa FRODEBU na UPRONA, vyama vikuu viwili vya Burundi, kuzungumza Mwanza, na mazungumzo hayo hayakuzaa kitu. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya, aliyewahi kutawala kuanzia 1987 hadi 1993, akachukua tena madaraka kwa nguvu ya jeshi. Siku sita baadaye, 31 Julai, viongozi wa ukanda huu walikutana Arusha na kuifungia Burundi biashara na safari. Masharti yalikuwa matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yaanze mara moja na pande zote, wakiwemo wenye silaha, bila masharti.

Kwa karatasi hayo ni masharti mazuri. Yanapimika, ni machache, na mwenye kuyatimiza ni Buyoya mwenyewe. Presha nayo ilikuwa kubwa, kwa sababu Burundi haina bahari: mafuta na bidhaa zake zilitegemea barabara za majirani na njia ya Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha meli za Ziwa Tanganyika. Kahawa, iliyokuwa ikiiletea sehemu kubwa mno ya fedha za kigeni, haikuwa na njia halali ya kutoka. Matokeo yalionekana upesi. Septemba 1996, wiki sita tu baadaye, Bunge likarudishwa na vyama vikafunguliwa. Bunge lenyewe lilikuwa gofu, wabunge wengi wakiwa wameuawa au wamekimbia, lakini hatua ilipigwa.

Kosa la kwanza lilifanyika hapo. Tangazo la Arusha halikuwa na ratiba ya kulegeza. Halikusema kwamba sharti la kwanza likitimia mbolea itapita, la pili likitimia ndege zitaruka, la tatu likitimia yote yataondoka. Buyoya alitimiza masharti mawili, tena nusu nusu, na vikwazo vikabaki pale pale. Kwake na kwa wafuasi wake likawa jambo rahisi kudai kwamba majirani hawataki suluhu, wanataka yeye aanguke. Mtu akishaamini hivyo haoni sababu ya kutoa cha tatu, kwa sababu anaona atakitoa bure.

Kosa la pili ni misamaha kuchelewa. Vikwazo vilianza kwanza, maswali ya dawa, mbegu, na mafuta ya magari ya mashirika ya misaada yakajibiwa baadaye, moja moja, kwa vibali. Ilichukua hadi Aprili 1997 viongozi kukutana tena Arusha na kulegeza vyakula, vifaa vya shule, dawa, pembejeo na vifaa vya ujenzi. Msimu wa kilimo haungoji kikao. Mkulima wa Ngozi, kaskazini mwa Burundi, aliyekosa mbolea hakuwa na sauti yoyote katika jeshi la Bujumbura.

La tatu ni magendo, na hapa nakubaliana na wazee wanaowalaumu walanguzi. Ukizuia bidhaa ambayo watu hawawezi kuishi bila hiyo, huiondoi sokoni, unaipandisha bei na kumpa faida anayeweza kuivusha. Na nani anaweza kuvusha pipa la mafuta usiku katika nchi ya kijeshi? Mwenye kufahamiana na mwanajeshi wa kizuizini. Mafuta na bidhaa nyingine ziliendelea kuingia kwa njia za Rwanda, Zaire na Ziwa Tanganyika, na faida ikaangukia watu wa karibu na utawala ule ule uliotakiwa kubanwa. Ndiyo maana mimi si shabiki wa kuzuia mafuta ya petroli na dizeli katika nchi maskini isiyo na bandari. Mafuta huonekana kama koo la utawala, lakini jeshi lina akiba yake na ambulensi haina.

La nne halizungumzwi sana. Waasi hawakuwa chini ya vikwazo. Ukimbana mmoja wa wagomvi wawili, yule mwingine hana haraka ya kukubaliana, kila wiki inayopita inamdhoofisha adui yake bila yeye kufyatua risasi. Ongeza kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi huku nchi yake ikiwa mstari wa mbele kutekeleza vikwazo. Heshima yake ilikuwa kubwa, lakini upande wa serikali ya Burundi ulimwona kama hakimu aliyeshika na fimbo. Ndipo unapoelewa kwa nini serikali ile ilikubali kuzungumza na waasi wa CNDD kwa siri huko Roma, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, mambo yaliyofichuka mwaka 1997, wakati ikisuasua kuja Arusha.

Tazama sasa mfuatano wa tarehe. Mazungumzo ya pande nyingi yalianza Arusha Juni 1998. Vikwazo vilisitishwa 23 Januari 1999. Mkataba wa Arusha ulisainiwa 28 Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki Oktoba 1999 na Nelson Mandela akiwa amechukua nafasi yake. Yaani vikwazo viliondoka miezi 19 kabla ya mkataba. Anayesema vilileta amani aeleze miezi hiyo 19. Anayesema havikufanya lolote naye aeleze kwa nini Bunge lilirudi ndani ya wiki sita, na kwa nini mapinduzi yale hayakupata baraka ya jirani hata mmoja. Hukumu yangu ni kwamba kazi ya vikwazo ilifanyika karibu yote mwanzoni. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa gharama, na kilichozaa mkataba ni meza ndefu na yenye kuchosha iliyowaweka pamoja vyama zaidi ya kumi na tano.

Mwaka 2015 Burundi ilirudi kwenye kiti kile kile kwa sura nyingine. Rais Pierre Nkurunziza aliwania muhula wa tatu, nchi ikawaka. Safari hii majirani hawakufunga mipaka. Marekani na Ulaya ziliorodhesha watu wachache wa kuzuiliwa mali na safari, na Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukakata msaada wa moja kwa moja kwa bajeti ya serikali. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipewa kazi ya kuwakutanisha, lakini serikali ilikataa kukaa na wapinzani walio uhamishoni. Fedha zilipungua kweli. Serikali ikaziba pengo kwa kuwachangisha wananchi, ikiwemo michango ya uchaguzi wa 2020. Vikwazo vya Marekani viliondoka Novemba 2021 na vya Ulaya Februari 2022, wakati Nkurunziza ameshafariki na Évariste Ndayishimiye yuko Ikulu. Hapo mlango ulifunguliwa na kifo na mrithi, kisha mazungumzo yakaingia. Bila ukanda kushiriki, vikwazo vya mbali huwa mvua ya rasharasha.

Kuhusu Idi Amin, ambaye lazima atajwe mtu akizungumzia ziwa hili, nitakuwa mfupi. Oktoba 1978 Marekani, iliyokuwa ikinunua karibu theluthi ya kahawa ya Uganda, ilipiga marufuku ununuzi huo. Kahawa ndiyo ilikuwa karibu mauzo yote ya nje ya Uganda, na ndiyo iliyolipia ndege zilizoleta wiski na anasa za maofisa kutoka uwanja wa Stansted, Uingereza. Kwa hiyo zuio lile liligusa mahali penyewe, kwenye kinywaji cha mwanajeshi. Lakini mwezi huo huo jeshi lake liliingia Kagera, na Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na Waganda waliopigana upande wetu. Hakuna mizani ya kutenganisha uzito wa kahawa na uzito wa bunduki hapo.

Swali la pili, kuzungumza. Watu hulichukulia kama kinyume cha vikwazo, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kikwazo ni bidhaa unayokwenda kuiuza mezani. Usipokuwa tayari kuiuza, yaani kukiondoa, hukuja kuzungumza. Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ninaoufahamu ni wa Libya. Baraza la Usalama liliifungia Libya mwaka 1992 kwa sababu ya ndege iliyolipuliwa juu ya Lockerbie, Scotland, mwaka 1988, watu 270 wakafa. Sharti la kwanza lilikuwa kuwatoa watuhumiwa wawili. Likakwama miaka saba, kwa kuwa Gaddafi hakuwa radhi washtakiwe Marekani wala Uingereza. Suluhu ilikuwa ya kiufundi: mahakama iwe ya sheria za Scotland, lakini ikae Uholanzi. Aprili 1999 watuhumiwa wakatolewa, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikasitishwa papo hapo, na 2003 vikaondolewa kabisa.

Fidia nayo ilifungwa kwa hatua. Dola milioni 10 kwa kila aliyefariki, lakini si kwa mkupuo: milioni 4 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikiondoka, milioni 4 nyingine vya Marekani vikiondoka, na milioni 2 Libya ikitolewa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Kila upande ulijua akifanya hiki anapata kile. Awamu ya mwisho ilizua mvutano hadi 2008, lakini mkataba haukuvunjika. Burundi ya 1996 ingepata ratiba kama hiyo, kwa mbolea na ndege badala ya mamilioni, nadhani tungeokoa mwaka mzima au zaidi.

Jambo jingine ambalo wanadiplomasia wetu wanapaswa kuliuliza mapema: nani ameshika ufunguo wa kuondoa? Mkataba wa nyuklia wa Iran ulifikiwa Julai 2015, Iran ikapunguza urutubishaji wa urani, vikwazo vikalegezwa Januari 2016, kisha Mei 2018 Rais Donald Trump akajitoa kwa saini yake mwenyewe. Ahadi iliyotolewa na rais mmoja huondolewa na mwingine. Kuna upande wa pili wa shida hiyo. Vikwazo vya Cuba viliingizwa kwenye sheria ya Bunge la Marekani mwaka 1996, kwa hiyo rais hata akitaka hawezi kuvifuta peke yake. Zimbabwe ni hivyo hivyo: Machi 2024 Marekani ilifuta mpango wake wa zamani wa kuorodhesha watu na kampuni, ikabakiza wachache chini ya utaratibu mwingine, lakini sheria yao ya 2001 inayozuia mikopo ilibaki pale pale. Balozi anayeahidi kitu ambacho si chake kukitoa anapoteza muda wa kila mtu.

Nani analipa? Jirani. Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako Wazungu wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, ilipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Zambia ililazimika kutafuta njia mpya za mafuta na shaba, ndipo bomba la TAZAMA na reli ya TAZARA zikajengwa. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inairuhusu nchi inayoumizwa na vikwazo vya Baraza la Usalama kwenda kueleza shida yake, lakini haimlazimishi mtu kulipa. Kwa hiyo siku ukanda wetu utakapofikiria tena kumfungia jirani, hesabu ya magunia ya Mwaloni na ya tozo za bandari ya Kigoma iwe mezani kabla ya tangazo.

Ukiniuliza ningefunga nini siku ya mapinduzi, jibu langu ni silaha, akaunti na safari za maofisa na familia zao, na ununuzi wa lile zao moja au madini yanayolipa jeshi. Nisingegusa chakula, pembejeo, dawa wala mafuta. Tangazo lingekuwa na tarehe ya kuisha, tuseme miezi sita, ili anayetaka kuviendeleza ndiye aje na hoja, na msuluhishi angetoka nchi isiyofunga mpaka.

Sasa biashara yako. Vikitangazwa, jambo la kwanza ni kusoma vimewekwa na nani na juu ya nini. Vya Baraza la Usalama vinaibana kila nchi. Vya Marekani au Ulaya si sheria ya Tanzania, lakini ukilipwa kwa dola, fedha hiyo kwa kawaida hupita benki ya Marekani, na huko ndiko inakozuiwa. Halafu tofautisha nchi nzima na watu walioorodheshwa. Kongo ni mfano mzuri: Umoja wa Mataifa una vikwazo vya silaha na orodha ya watu na makundi, hauna marufuku ya dagaa. Hata hivyo benki ikiona neno "Kongo" inaweza kuogopa na kurudisha malipo. Dawa yake ni kuipelekea kabla ya mzigo kuondoka barua ya ukurasa mmoja inayotaja bidhaa, uzito, mnunuzi, mpaka utakaopita na matumizi, pamoja na ankara, cheti cha afya ya samaki, cheti cha uasilia na hati ya shehena.

Mnunuzi mpya muombe jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na karatasi za usajili zinazoonyesha wenye hisa. Orodha za Umoja wa Mataifa, Marekani na Ulaya ziko wazi kwenye intaneti bila malipo. Tafuta jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, maana majina ya Kirundi na Kiswahili cha Kongo huandikwa kwa namna nyingi. Kwa sheria ya Marekani kampuni huzuiwa hata isipoorodheshwa, ikiwa walioorodheshwa wana asilimia 50 au zaidi kwa jumla. Mmoja mwenye 30 na mwingine mwenye 25 wanafanya 55, hapo usiuze. Rudia kuangalia asubuhi ya kupakia, kwa sababu orodha hubadilika.

Mzigo ukiwa tayari njiani, uliza mara moja kama tangazo limetoa muda wa kumalizia mikataba ya zamani, na tunza mkataba wenye tarehe. Fedha iliyozuiwa haijataifishwa, bado ni yako, ila kuitoa kunahitaji kibali na kunaweza kuchukua muda mrefu, hivyo usiuze kwa mkopo katika wiki hizo. Msamaha wa kibinadamu uliopitishwa na Baraza la Usalama Desemba 2022, azimio namba 2664, usiutegemee. Unayalinda mashirika ya misaada na wanaowauzia kwa kazi hiyo, haumlindi muuzaji wa kawaida, labda kama mnunuzi wako ni shirika la aina hiyo na mkataba unasema hivyo.

Na wakala wa forodha akikushauri ubadilishe jina la mpokeaji, au uandike mahindi mahali pa dagaa ili mzigo upite haraka, tafuta wakala mwingine siku hiyo hiyo. Malipo yaliyochelewa unaweza kuyadai baadaye. Hati ya kughushi haina dai, ina kesi.